Mhariri, tuhesabieni na vidonge vya dukani

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya muda kwenye gazeti lenu naona picha zilezile, meza ndefu, mabunda ya bangi yamepangwa, pembeni kete za heroini, vijana wamekalishwa chini wameinamisha vichwa, mkubwa mmoja anaongea na waandishi. Sina ubaya na hizo habari, kazi inafanyika na wanaostahili pongezi wapewe. Ila mi nafanya kazi famasi upande wa Mbagala, miaka mingi sasa, na nachotaka kusema ni kwamba kuna dawa inayolevya ambayo haiji na jahazi usiku wala haifukiwi shambani, inakuja mchana na gari la kampuni, ina risiti, ina namba ya usajili, inapangwa kwenye shelfu na mtu kama mimi, na ikishatoka pale kaunta hakuna anayeuliza imeenda wapi. Hiyo sijawahi kuiona kwenye zile meza.

Naongelea tramado hasa, na kodeini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kifua, na kule mahospitalini pethidini, morfini, fentanili. Wataalamu wanaziita dawa tiba zenye asili ya kulevya. Zote ni za kutuliza maumivu na ni ukoo mmoja na heroini, tofauti ni nguvu na mkono unaozitoa. Aliyetoka kupasuliwa anazihitaji, mwenye kansa anazihitaji zaidi, na hapo ndo ugumu ulipo maana huwezi kusema tuzichome zote yaishe.

Ukikaa kaunta muda mrefu unaanza kuwajua watu. Mgonjwa wa kweli mara nyingi hajui anachotaka, anakupa cheti anauliza dokta hii ya nini, nile kabla au baada ya chakula, itanilaza usingizi? (Sisi wote wa famasi mtaani ni dokta, hata aliyekuja field juzi.) Yule mwingine hana cheti ila anajua miligramu, anaegemea kaunta anasema kwa sauti ya chini, dokta zile za mia zipo? Hataki kuelezwa matumizi, hataki mfuko, anataka atoke. Ukimwambia lete cheti anacheka kidogo kama umemtania, anavuka barabara anaingia duka la mbele na unamuona anatoka ameridhika.

Na msidhani ni mateja tu, yaani hapo ndo watu wanakosea sana. Wanaokuja wengi ni watu wa kazi. Kuna wabeba mizigo wa sokoni ambao mgongo unawauma kweli, sio uongo, mtu anabeba gunia tangu alfajiri mpaka jioni na tramado inamtolea maumivu na kumpa kajoto fulani ka nguvu, mwanzo kimoja cha hamsini kwa siku, baadae viwili, baadae hawezi kuamka bila hicho kidonge, mwili unauma wote, jasho, makamasi, tumbo linaendesha, ile ile arosto ya teja wa unga ila yeye haiiti arosto, anasema ana malaria. Kuna bodaboda wanaokesha. Halafu kuna wanaume wazima wenye heshima zao walioambiwa na wenzao kwamba inasaidia chumbani, inachelewesha, hao ndo wagumu kuwaelimisha maana aibu haiwaachi wakae wasikilize. Dozi ya juu kabisa ya mtu mzima kwa siku ni miligramu 400, na wapo wanaovuka hapo bila kujua kwamba tramado ikizidi inaangusha mtu kama mwenye kifafa, na ikikutana na pombe au na valiamu pumzi inapungua taratibu usingizini, wenzake wanadhani kalala.

Sasa hivyo vyeti vyenyewe. Sheria inasema dawa ya cheti itoke kwa cheti, sawa, ila cheti chenyewe kikoje? Nimeletewa kilichotolewa fotokopi mpaka muhuri umekuwa kivuli. Naletewa picha ya WhatsApp. Naletewa cha mwezi wa tatu na sasa hivi ni mwezi wa nane. Na hata kile halali, mteja akishahudumiwa anarudishiwa mfukoni, kwa hiyo karatasi moja inaweza kuzunguka famasi zote kuanzia Rangi Tatu mpaka Zakhiem na kila duka likawa limefuata sheria. Kubakisha cheti dukani, au angalau kukigonga muhuri kwamba kimeshatumika, kuandika kwenye daftari tarehe na idadi, kupiga simu kwa daktari aliyeandika, hivi vitu havihitaji mfadhili kutoka nje. Vinahitaji mtu wa kuja kukagua lile daftari, na vinahitaji mwenye duka asiyekasirika. Maana kiukweli muuzaji wa kaunta amebanwa, mwenye duka anaangalia hesabu ya jioni, na mi nishawahi kuambiwa na tajiri (wa duka nililokuwepo zamani, sio hapa) kwamba wewe umekuja kuuza au umekuja kuwa polisi.

Laini ya simu leo hupati bila kitambulisho cha NIDA na kidole chako. Soda ikiuzwa mashine ya risiti ya EFD inajua imeuzwa saa ngapi. Boksi la tramado je?

Mtaniambia hilo ni jambo dogo, vidonge vichache mtaani haviwezi kufanana na tani za heroini. Basi nendeni mkasome kilichotokea Marekani, wala msianzie mijini, anzieni kijiji kimoja kinaitwa Kermit huko West Virginia, watu kama 400 tu, eneo la migodi ya makaa ya mawe ambako wanaume wana migongo iliyochoka kama hawa wabeba mizigo wetu. Famasi moja ya hapo ilipelekewa karibu vidonge milioni 9 vya haidrokodoni, dawa ya maumivu ya ukoo huohuo, ndani ya miaka miwili. Gawanya mwenyewe, ni zaidi ya elfu 20 kwa kila kichwa, kuanzia mtoto wa kunyonya mpaka bibi. Na jimbo zima ndani ya miaka sita, 2007 mpaka 2012, likamwagiwa vidonge milioni 780 vya haidrokodoni na ndugu yake oksikodoni, na ndani ya miaka hiyohiyo watu 1,728 wakafa kwa kuzidisha dawa za aina hizo mbili.

Kinachonikosesha usingizi kwenye hiyo stori ni kwamba hakukuwa na magendo. Kiwanda kina leseni, msambazaji wa jumla ana leseni, famasi ina leseni, daktari ana leseni, kila boksi lina karatasi. Kampuni ya Purdue ilileta OxyContin, ambayo ndani yake ni oksikodoni, sokoni 1996 ikawaaminisha madaktari kwamba uwezekano wa mtu kuizoea ni mdogo, na 2007 ikakiri mahakamani kwamba ilipotosha, ikalipa, na biashara ikaendelea. Msambazaji kwa sheria ya kwao alitakiwa kutoa taarifa akiona oda isiyo ya kawaida, na oda ya milioni 9 kwa watu 400 kama sio ya ajabu sijui ya ajabu ni ipi. Na namba zote zilikuwepo! Serikali yao ilikuwa na mfumo unaorekodi kila boksi limetoka wapi limeenda wapi, zimelala humo miaka, mpaka magazeti yalipoenda mahakamani kuzidai, na 2019 ndo watu wakaona kwamba kati ya 2006 na 2012 nchi nzima ilisambaziwa vidonge bilioni 76 vya hizo dawa mbili.

Na nani aliitoa hadharani ile hesabu ya West Virginia? Mwandishi wa gazeti la hukohuko jimboni, Charleston Gazette-Mail, anaitwa Eric Eyre, alikaa akadai makaratasi ya wasambazaji, akajumlisha, akachapa mwishoni mwa 2016, mwaka uliofuata akapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi wa habari huko Marekani. Ndo maana nimewaandikia nyie Mhariri na sio wizara. Barua wizarani atakuwa ameandika mtu mwingine. Nyie mna waandishi, watumeni wakaulize swali moja tu la kuchosha: mwaka jana vimeingia vidonge vingapi vya tramado nchini, na vimeenda kwa nani. Dawa haiingii bila kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa hiyo namba ya kuanzia ipo. Wauzaji wa jumla Kariakoo wana ankara, kwa hiyo namba ya pili ipo. Duka dogo lisilo na zahanati jirani wala hospitali, likinunua tramado nyingi kuliko famasi iliyo mlangoni kwa hospitali ya wilaya, hapo huhitaji mbwa wa kunusa, unahitaji kalkuleta.

Kuna kitu kingine cha kujua kuhusu hizo hesabu. Morfini, pethidini, fentanili na kodeini zipo kwenye mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961, kila nchi inapeleka makadirio yake na kinachoingia kinahesabiwa. Tramado haimo kwenye huo mkataba. Shirika la Afya Duniani limelijadili hilo zaidi ya mara moja na likaamua isiingizwe, na sababu mojawapo ni sisi wenyewe, waliona kwamba kwenye nchi maskini ambako morfini haipatikani, tramado ndo dawa ya maumivu makali iliyobaki, ukiibana sana mgonjwa wa kijijini atabaki na panadoli. Nakubaliana nao kabisa. Ila kama dunia haituhesabii basi tujihesabie wenyewe.

Najua wapo watakaosema kwa urahisi, pigeni marufuku. Sisi tulishapiga marufuku viroba, ile pombe ya pakiti, Machi 2017, walevi wakapungua? Kinywaji kikahamia kwenye vichupa vidogo vya plastiki. Nigeria Mei 2018, baada ya BBC kuonyesha jinsi dawa ya kikohozi yenye kodeini inavyouzwa kwa makreti, serikali yao ikazuia kuiagiza na kuitengeneza. India mwaka huohuo, Aprili, ikaiweka tramado chini ya sheria yao ya dawa za kulevya, maana vile vidonge vikali vya miligramu 225 vilivyokuwa vinazagaa Afrika Magharibi, nguvu ambayo hospitali haiitumii, vilikuwa vinatoka kwenye viwanda vya kwao. Vizuri. Kilichofuata? Februari 2025 BBC hao hao wakaonyesha kiwanda cha Mumbai kinachotengeneza kidonge kingine, tapentado ya maumivu imechanganywa na karisoprodo ya kulegeza misuli, mchanganyiko ambao hauna kibali popote, unasafirishwa Ghana, Nigeria na Cote d'Ivoire kwenye pakiti inayofanana na dawa ya kawaida. India wakaufungia na huo. Marekani nao 2010 OxyContin ilipobadilishwa isiwe rahisi kusagwa na kunuswa, wengi waliokuwa wameshazoea wakahamia heroini, na baada ya heroini ikaja fentanili ya magendo, na ndo hiyo iliyowafikisha kwenye vifo zaidi ya laki moja kwa mwaka vya kuzidisha dawa kuanzia 2021 mpaka 2023. Ukifukuza jina la dawa utafukuza mpaka uzeeke. Aliyeshazoea anahitaji pa kwenda siku unapomfungia duka, na sisi angalau pa kuanzia tunapo, kliniki za methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini, zipo tangu 2011 Muhimbili ilipoanza, zikafuata Mwananyamala na Temeke, mtu anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu kila siku. Ile nayo ni dawa halali ya ukoo huohuo na angalieni inavyolindwa, hapewi chupa aondoke nayo kienyeji. Ila zile kliniki zilijengwa kwa ajili ya watu wa heroini, mbeba mizigo wangu wa tramado hawezi kujipanga pale, atakuambia mi sio teja.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba msiikate barua yangu. Kila tukisema dawa zinavuja, wa kwanza kuumia ni mgonjwa wa kansa. Daktari anaogopa kuandika morfini, mfamasia anaogopa kuiweka, ndugu wenyewe wanaogopa, wanasema mama atakuwa teja, mama ambaye amebakiza wiki chache za kuishi na analia usiku mzima! Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet 2017 ilitoa hesabu kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa zinapata tani 0.1, yaani kilo mia. Wenzetu wa Marekani wamezama, sisi tunakufa na kiu, na wote tunaongelea dawa moja.

Uganda hapo jirani wamefanya vizuri kuliko wengi. Tangu Daktari Anne Merriman aanzishe hospisi yake Kampala 1993 wanatumia morfini ya maji, unga unachanganywa hukohuko, wanaitia rangi kutofautisha nguvu, ya kijani ndo nyepesi, halafu ya pinki, halafu ya bluu, mgonjwa anapewa bure, na tangu 2004 sheria inaruhusu hata nesi aliyesomea kazi hiyo kuiandika. Morfini hiyo haijageuka janga la mtaani, kwa sababu kila chupa ina jina la mtu na kuna nesi anayemfuata huyo mtu nyumbani. Hapa Ocean Road, hospitali yetu ya kansa, nao wanatengeneza ya maji siku nyingi, tatizo ni ukitoka Dar na miji michache, mgonjwa wa Tandahimba ataipata wapi? Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya, sitaki dawa hizi zifichwe. Nataka zifike kwa mwenye maumivu na anayezishika ajulikane.

Nikiwa hapo kwa wagonjwa, kuna uvujaji wa nyumbani ambao hauongelewi kabisa. Msiba ukiisha, nguo za marehemu zinagawanywa, godoro linatolewa nje, deni la genge linalipwa, ile chupa ya morfini iliyobaki nusu kabatini na zile strip za tramado kwenye droo hakuna anayezikumbuka, isipokuwa yule mpwa mmoja anayejua ni nini. Hospitali iliyotoa dawa iwaambie ndugu tangu mwanzo kwamba kitakachobaki kinarudi, na iwe na mtu wa kukipokea bila kumhoji mtu kama mhalifu. Marekani wana siku maalum mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, watu wanarudisha dawa zilizobaki bila kuulizwa jina, wameanza 2010. Sisi ukirudisha dawa famasi unaambiwa hatupokei, peleka unakojua, na mi mwenyewe ndo nimeelekezwa niseme hivyo.

Wodini nitapita haraka maana kuna watu wa huko wanaojua kuliko mimi. Kabati la DDA, yaani la dawa hizi zinazodhibitiwa, lina kufuli mbili na kitabu, na ampuli ikitumika nusu ile nusu nyingine inatakiwa imwagwe mbele ya mtu wa pili na wote wasaini. Usiku nesi yupo mmoja na wagonjwa arobaini, mtu wa pili ni nani? Anasaini asubuhi anapokuja zamu. Hapo ndo pethidini inapotembea, na anayeitumia mara nyingine ni mhudumu mwenyewe, mtu mwenye familia, ambaye akigundulika anafukuzwa kimyakimya na kituo kingine kinamuajiri bila kujua. Mtu huyo anahitaji matibabu na anahitaji asirudishiwe funguo, vyote viwili.

Mi sidai maajabu. Cheti kibaki dukani, daftari la hizi dawa likaguliwe na mtu anayejumlisha na sio anayekuja kuangalia kama leseni imetundikwa ukutani, muuzaji wa jumla azuiwe kuuza kwa duka ambalo oda yake haieleweki, na anayekataa kuuza bila cheti awe na namba ya kupiga bila tajiri wake kujua. Nyie mkipata ile hesabu ya vidonge, ichapeni wilaya kwa wilaya, hata kama ni jedwali kavu lisilo na picha, sisi wa kaunta tutawaambia mstari upi hauendani na wagonjwa tunaowaona.

Jina langu nimeliweka kwenye bahasha, naomba msilichape. Bado nakula hapohapo.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam